Seva Iliyopimwa kwa Togwa

Katika intaneti kafe zote nilizowahi kuketi, kuanzia Lilongwe hadi Nampula, sijaona fundi aliyeipenda seva kama Hironimus wa Mfaranyaki, Songea. Aliifunika kitambaa cha kufuma, kile ambacho wengine hufunikia redio, na mteja aliyeweka soda karibu nayo alifokewa mpaka barabarani.

Ilikuwa mwaka 2001, Songea imeshazoea kuona kila kitu kikiuzwa na watu binafsi, mpaka barua pepe. Kafe ilikuwa ya wabia watatu: Mama Lidwina mwenye nyumba, Mzee Alfani mfanyabiashara wa mahindi, na Bibi Walburga, muuguzi mstaafu. Seva ilikuwa ile kompyuta kubwa ya kona, iliyozigawia nyingine intaneti. Kila alasiri ilizubaa. Wateja walisonya, wakagonga meza, wakaondoka, na wabia wakataka kujua ina nini.

Seva hujiandikia yenyewe saa ngapi imebeba mzigo kiasi gani. Hironimus alichapa kurasa hizo zote za tarakimu, wabia wakasinzia. Basi akazigeuza picha: mstari mmoja unaopanda na kushuka kwenye karatasi ya miraba. Akaubandika ukutani kwa maringo.

Bibi Walburga alivaa miwani, akausogelea. Maisha yake yote wodini alisoma karatasi za namna hiyo, zikining'inia miguuni mwa vitanda.

"Maskini," akasema. "Homa inapanda kila alasiri. Hii malaria sugu."

"Bibi, hiyo siyo homa, ni..."

"Mwanangu, nimezika wenye mistari mizuri kuliko huu."

Mzee Alfani hakuhitaji zaidi. Kulikuwa na mtu wa Namtumbo aliyetaka kubadilishana seva hiyo na mashine ya kusaga, na Alfani alikuwa ameshaichagulia mashine mahali pa kukaa.

"Tumpe kabla haijakata roho," akasema.

Mama Lidwina alimgeukia fundi. "Tueleze Jumamosi tuelewe, seva inabaki. Tusipoelewa, inakwenda, na wewe utajifunza kusaga."

Jumamosi Hironimus alikuja bila karatasi. Alipanga glasi mezani, kila moja saa yake, tangu kafe inapofunguliwa asubuhi hadi inapofungwa jioni. Akamimina togwa kwa kadiri ya mzigo wa kila saa. Saa mbili asubuhi ilipata funda moja tu. Saa kumi alasiri ilijaa mpaka togwa ikatuna juu ya ukingo.

"Hii ndiyo ripoti," akasema. "Karibuni."

Hapo ndipo alipokosea. Songea, ukimwekea mtu togwa mbele yake na kumwambia karibu, hatazami, anakunywa. Mzee Alfani, aliyetoka sokoni na jua lake, alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye glasi iliyojaa.

"Mzee, shikamoo, usinywe! Hiyo ni saa kumi!"

"Marahaba," akajibu Alfani, akipangusa masharubu. "Saa kumi tamu."

"Mbona mimi nimewekewa saa mbili?" Bibi Walburga akalalamika. "Nimekukosea nini, Hironimus?" Akaishika saa kumi upande wa pili. Mama Lidwina, kwa kuwa nyumba ni yake, akaishika katikati. Glasi ikabaki hewani, ikitetemeka, togwa ikichuruzika hadi kwenye viwiko vyao. Hakuna aliyepata tone jingine.

"Hapo hapo! Msiachie!" Hironimus akapiga kelele. "Hivyo ndivyo wanavyoifanyia seva!"

"Akina nani?"

"Wateja! Shule zikitoka, ofisi zikitoka, wote wanaivamia pamoja. Haiumwi, Bibi. Inagombaniwa."

Mama Lidwina alitazama mikono mitatu kwenye glasi moja, kisha saa tatu asubuhi, ambayo hakuna aliyeigusa.

"Kumbe asubuhi inakaa bure?"

"Bure kabisa, Mama."

"Basi asubuhi tupunguze bei, waje wengine saa hizo." Akaachia glasi. "Na seva haiendi Namtumbo."

Bibi Walburga alisema hilo atalifikiria, lakini alikuwa ameshahamia saa nane. Mzee Alfani hakubisha. Kinywa chake kilijaa saa tisa, na mkono ulikuwa njiani kwenda saa saba. Hironimus alivuta kiti, akaidaka saa sita kabla nayo haijaondoka.