Hema la Baba Kando ya Bwawa

Jumamosi iliyopita mimi na baba tulipita lile bwawa la msituni, upande wa mtaa wa Karen, tukiwa na viti vya harusi nyuma ya pikapu. Limezungushiwa mabati. Baba alipunguza mwendo, akatazama. "Kumbe walifunga," akasema, halafu akabadilisha gia. Mimi nikageukia dirisha.

Ninakuandikia wewe, daftari, kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumwambia.

Nilikuwa na miaka kumi na moja tulipoenda kupiga kambi pale. Baba hukodisha hema na viti hapa Uthiru, na kazi nyingi huwa ni za matanga. Watu wengine walikuwa na vihema vidogo vya rangi, vya kuingia kwa kutambaa. Sisi tulikuja na hema jeupe la watu hamsini. Baba alilisimamisha peke yake, akigonga vyuma ardhini kwa nyundo, ko, ko, ko, msitu mzima ukisikia. Mama alichemsha viazi vitamu na chai ya maziwa, na moshi ukanukia majani ya mikaratusi.

Mzee mmoja wa kambi ya jirani alikuja pole pole, kofia mkononi. "Poleni sana. Mmepoteza nani?"

Baba alicheka mpaka akashikilia nguzo. "Hatujapoteza mtu, ndugu yangu. Tumekuja tu kulala."

Mama pia alicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Muhula mzima baba alikuwa ameniahidi kwamba tutapiga kasia pamoja, yeye na mimi tu, jinsi alivyofanya utotoni kule ziwani kwao. Mchana akanituma nipange laini ya kupanda boti, yeye akaenda kutafuta majaketi ya kuelea. Nyuma yangu alisimama msichana wa rika langu, viatu vyake vyeupe kabisa.

"Sasa. Yule mwenye hema ya matanga ni babako?"

"Hapana," nikasema. "Ni mtu wa hema tu."

Baba alikuwa hatua mbili nyuma yetu, ameshika majaketi mawili, kubwa na dogo. Alisimama. Kisha akanipa lile dogo kwa mikono miwili, kama anavyowapa wateja risiti.

"Shika, madam. Hema iko sawa."

Akarudi kukaza kamba ambazo tayari zilikuwa zimekazwa. Nilipanda boti na yule msichana. Sikumbuki tulizungumza nini. Ninakumbuka maji ya kahawia yaliyotulia, na nyundo ikisikika kutoka ng'ambo, ko, ko, ko.

Jioni alinimenyea kiazi kama kawaida. Mama hajui mpaka leo.

Sasa niko sekondari. Kila siku ya kufungua shule, baba hubeba sanduku langu mpaka getini, analiweka chini na kuuliza, "Niingie, ama nikuachie hapa?" Kila mara ninamwambia aingie. Anaingia, lakini anatembea nyuma yangu.

Jumamosi, mabati yalipobaki nyuma yetu, nilisema, "Baba, ile siku ya boti."

Alingoja. Nikageuka kuangalia viti nyuma.

"Ilikuwa siku nzuri," akasema.

Kabla ya ile siku ya bwawani alikuwa akinifikisha mpaka mlango wa darasa, amenishika mkono, na hakuwa akiuliza.