Mvua Tuliyoingoja Nyalukemba

Vakansi ile, likizo kubwa ya kiangazi, nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na nyumbani walishanizoea kama mtu wa kutumwa sokoni. Kwa hiyo mtawa aliyesimamia ukumbi wa parokia kule mtaa wa Nyalukemba aliponiomba nifundishe somo la mazingira kwa wanafunzi wa sekondari, nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Ilikuwa kazi ya asubuhi tu, Julai na Agosti, na vijana wa mwaka wa tano na wa sita kutoka shule mbalimbali za mji.

"Usiwachokeshe," mtawa aliniambia. "Wako kwa vakansi."

Niliwachokesha. Siku ya kwanza niliandika ubaoni neno "ekosistemu" kwa herufi kubwa, nikachora mishale: jua kwenda kwa majani, majani kwa panzi, panzi kwa chura. Nilipogeuka, msichana mmoja wa mstari wa nyuma alikuwa amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi, shavu juu ya kitabu. Jirani yake akamsukuma.

"Pole, Madame," akasema akijipangusa mate. "Niliamka na giza. Natoka Kasha."

Wenzake wakacheka. Kasha iko mwisho kabisa wa Bagira, upande mwingine wa mji, na wengi wa vijana wale walikuwa wa Nyalukemba, watoto wa watu wa ofisi na vyuo, waliokuja darasani kwa miguu wakitafuna mkate. Mimi sikucheka. Kama ningekuwa yeye, chura yule angenilaza hata mimi.

Wiki ya pili nikaacha ubao, nikawapeleka dirishani. Ukumbi wetu ulitazama ghuba ndogo ya ziwa. Kutoka mbali maji yalikuwa buluu na mazuri, lakini ukingoni kulikuwa na mkanda mpana wa chupa za plastiki, mifuko, kandambili zisizo na jozi na kichwa cha mwanasesere. Nikawauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Hii yote inatoka wapi?"

Kijana mmoja mwenye miwani akajibu haraka. Baba yake alifanya kazi katika shirika moja la misaada, na yeye mwenyewe alizungumza kama mtu anayesoma habari redioni. "Madame, ile buchafu haitoke huku kwetu. Inatoka Bagira. Inatoka kule Kasha. Upepo ndiyo inaleta."

Msichana wa Kasha, aliyekuwa macho kabisa sasa, akamgeukia. "Ulishafika Kasha?"

"Hapana, lakini inajulikana."

"Inajulikana na nani?"

Darasa zima likaamka. Walibishana mpaka mtawa akachungulia mlangoni kuona kama kuna vita. Nusu walisema upepo, nusu walisema mvua, mmoja akasema ni watu wa ng'ambo ya ziwa. Nami, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, nilifurahi kuwa mwalimu. Nikawaambia, "Basi tusibishane. Tujaribu."

Mpango tuliutunga pamoja. Tungekata vipande vya mgomba, kwa sababu mgomba unaelea na ukioza haumdhuru mtu. Kila kipande tungekifunga kitambaa: chekundu kwa mifereji ya Nyalukemba, cha buluu kwa mifereji ya Kasha. Mvua ikinyesha, tungeviachilia vyote kwa wakati mmoja, kisha tungeangalia vya rangi gani vinafika kwenye ghuba yetu. Fundi cherehani wa jirani alitupa mabaki ya vitenge. Baba wa msichana wa Kasha alikuwa na migomba nyuma ya nyumba, akakubali kuweka vipande vya buluu na kuviachilia akipigiwa simu. Kila kitu kilikuwa tayari.

Isipokuwa mvua. Tulikuwa katikati ya kiangazi. Vumbi lilikaa juu ya majani ya maparachichi, mifereji ilikuwa mikavu, na kila asubuhi vijana walitazama juu kama wakulima. Tukaendelea na mambo mengine. Tulipima joto la udongo, tukaenda Lwiro siku moja kuona kituo cha utafiti na wadudu wao waliokaushwa kwenye masanduku ya kioo, tukarudi tukiimba ndani ya gari. Vipande vya mgomba vikakauka kwenye kona, tukakata vingine.

Mvua ilikuja mwisho wa Agosti, programu ikiwa inakaribia kwisha. Nilikuwa nafundisha kitu kuhusu nyuki. Bati likapigwa na tone moja, likapigwa na la pili, halafu kelele ikawa kubwa hata sikujisikia mwenyewe. Hakuna aliyeomba ruhusa. Walinyakua vipande vyekundu, wakatoka mbio, nami nyuma yao nikishika viatu mkononi.

Tulipanda mpaka juu ya mtaa, ambapo mfereji mkubwa unaanzia. Msichana wa Kasha alikuwa na simu yangu sikioni, akiikinga mvua kwa mkono mwingine.

"Papa! Huko kwetu mvua iko inanyesha?"

Sauti ya baba yake ilisikika hata kwetu. "Inanyesha sana!"

"Achilia, papa!"

"Yote?"

"Yote, papa! Yote!"

Nasi tukaachilia vyetu. Vitambaa vyekundu vikashuka na maji ya rangi ya chai ya maziwa, vikiruka, vikizunguka kwenye kona, nasi tukivifuata tukipiga kelele kama watu wa mpira. Kwenye kona moja, mbele ya nyumba yenye geti la kijani, tukasimama ghafla.

Geti lilikuwa wazi. Mama mmoja, kitenge kichwani na mwavuli begani, alikuwa ameinama juu ya mfereji, akimwaga gunia zima la takataka ndani ya maji. Chupa, mifuko, maganda ya ndizi na viazi. Alifanya bila haraka, kama mtu anayefanya kazi ya kila mara mvua inaponyesha.

Kijana wa miwani alisema kwa sauti ndogo, "Maman."

Mama akainua kichwa. Akatutazama sote, tumelowa, midomo wazi. "Na wewe unafanya nini kwa mvua?" akamuuliza mwanawe. "Utapata ugonjwa!"

Kijana alivua miwani iliyojaa maji, akaifuta kwa shati lililojaa maji, akaivaa tena. Nilijua kicheko kinakuja, na nilikiogopa kwa ajili yake. Nikamwangalia msichana wa Kasha, kwa sababu haki ya kucheka ilikuwa yake.

Yeye akasogea, akashika gunia upande mmoja. "Mama, usimwage yote," akasema. "Haya maganda ni chakula. Kwetu tuko na nguruwe. Naweza kuomba?"

Mama akabaki na mwavuli wake, hajui akasirike au aaibike. Mwisho akanichagua mimi. "Wewe ndiye mwalimu wao? Basi niambie, Madame. Gari la takataka ulishaliona hapa? Nikae na huu uchafu, nilale juu yake?"

"Sijaliona, Mama," nikamwambia. Ulikuwa ukweli.

"Unaona!" akasema, lakini alikuwa ameshashika gunia upande wa pili, na wakalivuta ndani pamoja, yeye na msichana. Mwanawe akaingia mferejini mpaka magotini, akaanza kuokota chupa ambazo hazijaenda mbali. Tukaingia wote. Mama yule akatuletea chai ya tangawizi kwenye veranda, akitugombeza kila mtu kwa zamu yake kwa sababu ya kulowa.

Kesho yake, kulipokucha kweupe, tulishuka ghubani. Vitambaa vyekundu vilikuwa vimetapakaa kati ya chupa, huku na huku. Cha buluu hatukuona hata kimoja. Tulitafuta mpaka miguu ikafa ganzi kwa matope. Kijana wa miwani alirudi darasani kabla yetu, na tulipoingia tukakuta ameandika ubaoni: NI SISI.

"Ngoja," msichana wa Kasha akasema. "Hatujamaliza. Ya kwetu ilienda wapi?"

Ndipo baba yake akatualika. Tulipanda gari, tukavuka mji mzima, na kijana wa miwani akafika Kasha kwa mara ya kwanza maishani mwake. Baba mtu alitupokea kwa heshima nyingi, akatuteremsha njia ya migomba mpaka ziwani. Na pale, kati ya chupa na kandambili za Kasha, vilikuwepo vitambaa vya buluu.

"Kumbe," kijana akasema, "kila mutu na buchafu yake."

"Kila mutu," msichana akakubali, na ndipo alipocheka, sana, mpaka baba yake akamuuliza kuna nini.

Siku ya kufunga, wazazi walikuja na nguo za kanisani. Wanafunzi walieleza jaribio lao, na hakuna aliyetaja geti la kijani. Lakini mama wa geti akanyanyuka mwenyewe. Akasimulia habari zake kwa kirefu, akiigiza mpaka uso wa mwanawe, na ukumbi ukabomoka kwa vicheko. Kisha akawauliza majirani zake: nani ana maganda, na nani yuko tayari kuchimba shimo la kufanyia mbolea? Mikono ilipanda, mingine kwa kusitasita. Mashimo yaliyochimbwa yalikuwa machache kuliko mikono, lakini yalichimbwa.

Kwa muda mrefu baadaye, msichana yule aliendelea kupita Nyalukemba kuchukua gunia lake la maganda. Kondakta wa gari alilalamika juu ya harufu, naye akamwambia aende akalalamike kwa nguruwe. Sasa anasoma kilimo, na kijana wa miwani anasoma sheria. Mimi bado nafundisha. Chura nimemwacha, siku hizi tunaanza dirishani.