Kompyuta Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Wenzangu mliosoma sekondari enzi za ruksa, mnakumbuka maduka ya Musoma yalivyojaa ghafla? Mitumba ikaning'inia kila kona, na sisi tuliozoea kufulia majani ya mpapai tukaanza kuchagua sabuni. Ndipo wafadhili wakailetea shule yetu kompyuta moja.

Iliwekwa ofisini, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama makochi ya sebuleni. Kwenda kuiona tulinawa miguu kwanza, tukaacha kandambili mlangoni. Kuigusa ilikuwa marufuku mpaka mgeni rasmi aje kukata utepe. Mwalimu Magesa, aliyepewa somo la kompyuta, alichora kibodi ubaoni, nasi tukaichora kwenye maboksi ya sabuni tukajifunza kuchapa humo.

“Vidole vyenyewe vinanukaga dagaa,” alitutania. “Subirini, mtagusa tu.”

Rafiki yangu Perusi, wa kule Murangi, ndiye aliyekuwa hodari. Alitaka kuwa karani mjini ili mama yake apumzike kuanika dagaa juani. Alichapa boksi lake mpaka herufi zikafutika, akazikoleza kwa mkaa, akaendelea. Vijana wa leo, mtandao ukikatika kidogo tu wananuna hadi chakula hawali!

Kila mgeni alipotangazwa tulifagia uwanja na kufanya mazoezi ya ngonjera. Mara mgeni kapata dharura, mara mvua imekata barabara ya Bunda. Tukamaliza kidato cha nne kitambaa hakijafunuliwa. Walimu wetu hawakuwa na roho mbaya; waliiheshimu mno ile mashine, na heshima yao ikatuponza. Inaniuma mpaka leo.

Krismasi iliyofuata nilimkuta Perusi kwao Murangi akigeuza dagaa na mama yake. Alikuwa ameomba ukarani mjini, wakamkalisha mbele ya kompyuta, akaogopa hata kuigusa. Kazi ikaenda kwa mwingine.

“Hivi ukibonyezaga,” aliniuliza, “ile herufi inatokea hapohapo, au unaingojea?”

Sikujua. Nami nilikuwa nimesomea kwenye boksi.

Siku hizi wanangu wanabonyeza simu huku wanakula, mafuta ya sambusa yametapakaa kwenye kioo. Nataka kuwagombeza, naishia kukifuta kioo. Mimi mwenyewe nilikuja kugusa kompyuta ukubwani, huko kazini. Nikabonyeza herufi moja, ikatokea hapohapo. Perusi tulikuwa tumeshamzika.