Fundi Aliyejaza Kadi Bila Kufungua Tanuri

Saa mbili na nusu asubuhi, Orest Hnatiuk amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, kwenye chumba kilicho chini ya nyumba ya Léo Courchene, mtaa wa St. Boniface, Winnipeg, Kanada. Nje, theluji ya kwanza ya Oktoba inayeyuka kwenye ngazi. Huku chini baridi imeanza kuuma, maana tanuri la gesi linalopasha nyumba hii joto limezimwa dakika kumi na tano zilizopita.

Alianza na swichi ya umeme ukutani. Akafunga koki ya gesi, akaijaribu kwa mkono kuona kama imefunga kweli. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akangoja chuma kipoe. Sasa amefungua mlango wa tanuri na anafyonza vumbi kwenye vichomeo, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio.

"We Orest," anasema Léo, dereva mstaafu wa treni mwenye miaka 71, amesimama kwenye ngazi na kikombe cha kahawa. "Umekuja kulisafisha ama umekuja kulioa?"

"Bado nalichumbia," Orest anajibu bila kugeuka.

"Mwenzako wa mwaka juzi alimaliza kwa dakika ishirini."

Orest anazima mashine ya kufyonza. "Alifungua hapa?" anauliza, akigusa bamba lenye skrubu sita.

"Nitajuaje? Mimi nilikuwa juu natazama hoki."

Orest anachukua bisibisi. Shingo yake imekuwa nyekundu hadi masikioni.

Ana miaka 58, na kazi hii ameifanya kwa miaka 29. Analipwa dola 34 kwa saa. Wenzake kwenye kampuni ndogo anayofanyia kazi hukagua nyumba nane kwa siku na kupata nyongeza. Yeye hukagua nne. Bosi wake amemwita mara mbili kuhusu mwendo huo, na mara zote mbili Orest amemjibu kwamba hawezi kwenda haraka zaidi.

Hakumwambia sababu. Sababu hiyo aliniambia mimi, mwandishi wa gazeti, wiki iliyopita, jikoni kwake, mkewe Halyna akiwa anaosha vyombo huku ametugeuzia mgongo.

"Andika jina langu lote," alisema. "Nisije nikajificha tena."

Miaka tisa iliyopita, Alhamisi moja ya Februari, Orest alikuwa na nyumba nane kwenye orodha yake. Ya mwisho ilikuwa ya Ilse Dueck huko North Kildonan, mjane aliyekuwa akifundisha piano na kuishi na binti yake Katrina, wa miaka kumi na mitano. Alifika saa kumi na robo jioni. Saa kumi na moja alikuwa na mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu na timu ya wenzake.

"Ningesema lilikuwa shindano la jimbo, labda ungenielewa," alisema. "Halikuwa. Ulikuwa mchezo wa kawaida wa Alhamisi. Anayeshindwa ananunua bia."

Alibadilisha chujio. Akapangusa mlango kwa kitambaa. Akachungulia kwenye tundu dogo, akaona moto ni wa buluu. Nyuma ya bamba kuna chemba ya chuma inayotenganisha moto na hewa inayosukumwa vyumbani. Chemba hiyo ikipasuka, sumu isiyo na harufu hupanda juu pamoja na joto. Bamba lenyewe hakuligusa.

Kadi ya ukaguzi ina vipengele kumi na viwili. Aliijaza amesimama kwenye ngazi, alama za vema kumi na mbili, akatia sahihi.

"Mama Dueck alinipa biskuti za tangawizi, nile njiani," Orest alisema. "Nilizila."

Siku kumi baadaye ilikuwa Jumapili. Kanisani kwa kina Dueck watu walikuwa wamekwisha kaa, na kiti cha mpiga piano kilikuwa kitupu. Ilse hakuwahi kuchelewa hata mara moja. Mwimbaji mmoja wa kwaya, Abe Penner, aliendesha gari hadi kwake, akagonga, akazunguka nyumba, kisha akavunja kioo cha mlango wa nyuma. Katrina alikuwa amezimia kwenye korido. Mama yake alikuwa bado kitandani, midomo myekundu kama mtu aliyekula matunda.

Walipona wote wawili. Katrina alitoka hospitali baada ya siku tatu. Ilse alikaa siku kumi na tisa, na aliporudi nyumbani vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinatetemeka. Vinatetemeka mpaka leo. Alikuwa na wanafunzi 22. Kufikia kiangazi hakuwa na hata mmoja.

Wakaguzi walikuta ufa wenye urefu wa kidole kwenye chemba. Walikuta pia kwamba king'ora cha hewa ya sumu kilikuwa kimepitwa na muda wake kwa miaka mitatu. King'ora ndicho kipengele cha kumi na mbili kwenye kadi.

"Wakaniuliza, ulifungua? Nikasema nilifungua. Wakaniuliza, uliona ufa? Nikasema haukuwepo." Orest aliongea akitazama mikono yake. "Kadi ilikubaliana na mimi. Wakaandika kwamba haiwezekani kujua ufa ulianza lini. Nikaenda zangu nyumbani."

"Mwezi wa Mei, Mama Dueck alinitumia keki ya maboga," Orest alisema.

"Hapana," Halyna alimkatiza kutoka kwenye sinki, ndiyo mara yake ya kwanza kunena. "Ya plamu. Ilikuwa ya matunda ya plamu. Na kikaratasi: Usijilaumu, Bwana Hnatiuk, ulifanya kazi yako. Mimi nikaisifu ile keki. Nikamkatia kipande cha pili."

"Nilikila," Orest alisema. "Ningekikataa ungeniuliza kwa nini."

Halyna alirudi kwenye vyombo vyake.

Siri hiyo aliibeba miezi kumi na minne. Kisha siku moja dukani alimwona Ilse kwenye foleni ya kulipa, anahangaika kuokota sarafu kwenye pochi yake, vidole havimtii. Orest alitaka kugeuka, lakini Ilse alikuwa ameshamwona. Akamwambia msichana wa malipo kwa furaha, "Huyu ndiye Bwana Hnatiuk. Fundi mwaminifu sana, kama mna tanuri nyumbani mwiteni huyu."

Orest aliacha maziwa yake juu ya kaunta, akatoka. Kesho yake alikwenda kugonga mlango wa Ilse.

"Mama Dueck, sikufungua."

"Hukufungua nini?"

"Tanuri. Siku ile. Nilijaza kadi tu."

Ilse alimtazama. "Kwa nini?"

"Nilikuwa na mchezo."

"Mchezo gani?"

"Wa mawe. Kwenye barafu."

Ilse alishika kitasa cha mlango. Kisha akauliza, "Mlishinda?"

"Tulishinda."

Ilse aliufunga mlango taratibu. "Heri angeubamiza," Orest aliniambia.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja ofisi ya leseni, akasema yote. Leseni ilisimamishwa miezi minane na kampuni ikamfukuza. Alipakia viazi ghalani kwa dola 15 kwa saa. Halyna hakumsemesha kwa wiki mbili. Wenzake wa mchezo walimpigia simu mara chache, kisha wakaacha, na uwanjani hajakanyaga tena.

Leseni iliporudi, alikuwa ameamua kutafuta kazi nyingine kabisa. Ndipo Septemba moja simu ikalia.

"Ni Ilse Dueck. Tanuri langu jipya linataka kukaguliwa."

"Nitakutafutia fundi mzuri, mama."

"Sikukupigia unitafutie mtu. Nakutaka wewe. Hao wengine watakuja hawana hofu. Mimi nataka mwenye hofu."

Amekwenda kwake kila Septemba tangu hapo. Nilimtembelea Ilse, sasa ana miaka 66. Alinimiminia chai kwa mkono wa kushoto, akanitaka niandike maneno yake kama alivyoyasema.

"Sijamsamehe. Watu wa kanisani wangependa sana kusikia nimemsamehe, wananiuliza kila Pasaka. Siku nikimsamehe nitamwambia mwenyewe, hatasoma gazetini. Lakini nalala. Unaelewa? Akishatoka hapa, nalala."

Nyumbani kwa Léo, skrubu ya sita imetoka. Orest anaingiza kioo kidogo chenye mpini kwenye chemba, anaelekeza tochi, anasogea hadi shavu lake linagusa chuma. Anakaa hivyo. Anatoa kioo, anakipangusa, anakirudisha.

"Vipi?" Léo anauliza.

"Njoo uone."

Léo anashuka huku akinung'unika kuhusu magoti yake. Kwenye kioo kuna mstari mweusi, mwembamba kama unywele, kwenye kona ya chemba.

"Ndiyo huo?"

"Ndiyo huo. Siliwashi tena. Unaumwa kichwa siku hizi?"

Léo hafanyi mzaha sasa. "Asubuhi," anasema. "Nilidhani ni uzee."

Orest anamwambia wapande juu mara moja. Anafungua madirisha, anamkalisha kibarazani na koti, anampigia simu muuguzi wa zamu hospitalini, kisha dada yake Léo aje amchukue akapimwe na akalale kwake mpaka tanuri jipya lifungwe. Ndipo anaporudi chini kufungia koki kwa kufuli na kuning'iniza lebo nyekundu. King'ora cha Léo amekikuta kwenye droo, hakina betri.

Kibarazani, Léo ameshika kadi ya ukaguzi ya mwaka juzi. Imejaa alama za vema. "Nani mjinga huyu? Soma jina. Huyu si wa kufungwa huyu? Orest, wewe ni fundi, ungemfanyaje mtu kama huyu?"

Orest anaichukua kadi. Anaisoma mpaka mwisho.

"Mimi sina mdomo wa kumsema," anajibu. "Ila nitampigia simu leo. Na nitaipeleka hii ofisi ya leseni. Nitamwambia kwanza kwamba naipeleka."

Léo anafunga vifungo vya koti, anamngoja dada yake.

Ndani ya gari, Orest ameshika funguo, bado hajawasha injini. Anasema furaha aliyotarajia kuipata siku akikuta ufa kabla haujaua mtu haijaja. "Nimeona tu ilivyo rahisi kuuona. Dakika ishirini na tano, pamoja na kungoja chuma kipoe. Hata mchezoni siku ile ningewahi."

Chuo cha ufundi cha hapa mjini kimemwomba mara tatu azungumze na wanafunzi wanaokaribia kupata leseni. Mara zote tatu alisema anaumwa. Jumanne ijayo atakwenda. Darasa lina vijana 32. Alimuuliza Ilse kama angependa kufuatana naye, akajibiwa, "Hilo ni lako."

Hana hotuba. Halyna alimwandikia maneno ya kuanzia, Orest akayarudisha, akasema ni mazuri mno, yanamfanya aonekane mtu mwema.

"Nitawaambia kuhusu mchezo," anasema. "Watanicheka, halafu wataacha kucheka. Si lazima wanikumbuke. Nataka mmoja tu, siku moja amechoka, ameshashika mlango wa kutoka, ageuke ashuke tena chini."

Anatazama saa yake. Nyumba ya pili inamngoja, na amekwisha chelewa.