Salamu, Shida, Shukrani

Ilitangazwa rasmi kwamba kuanzia sasa hakuna kilio cha raia kitakachopotea: kila ujumbe wa video unaotumwa kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, utagawanywa sehemu, ili mheshimiwa aende moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Kazi hiyo anaifanya karani wa dirishani. Hufuta kioo cha simu kwa ncha ya kravati iliyoning'inia shingoni mwake, husikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama padri anayeungamisha, kisha hukata video mara mbili na kuziandika sehemu zake: Salamu, Shida, Shukrani. "Pole, mama," huiambia simu, na simu huendelea.

Jana Mama Kaneza wa Kasenga, aliyejirekodi amesimama katika maji chumbani mwake akiomba mfereji uzibuliwe, alikuja mwenyewe, kitenge kikichuruzika.

"Papa, shefu aliona video yangu?"

"Aliona, mama. Alifurahi sana."

"Alifurahi? Miye niko nalala juu ya meza, ye iko nafurahi?"

Karani alifuta tena kioo, ingawa kilikuwa safi, akamgeuzia simu aone mwenyewe. Kati ya sehemu tatu, shefu alikuwa amefungua Shukrani tu.