Tisheti ya Kupimia Nywele

Wifi yangu Hélène anafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda, hapa Likasi. Anapima mawe yaliyosagwa, na kila asubuhi, kabla ya kugusa chochote, anaijaribu kwanza mizani yenyewe kwa kipande cha chuma ambacho uzito wake unajulikana. Haamini mtu. Hata chumvi ya sokoni anaipima upya nyumbani. Mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyedanganywa na tisheti ya bure, na mimi Laure, msusi wake na dada wa mumewe, nilicheka kuliko ilivyonipasa.

Mambo yalianzia kwenye mahari ya binti yake Carine. Homa ya tifoidi ilikuwa imemnyonyoa Hélène nywele nyingi, zilizobaki zikawa chache, akawa anavaa wigi. Wakwe walikuja kutoka Kapolowe, yeye akainuka kucheza kwa furaha, wigi likageuka mbele nyuma. Wakwe ni watu wenye adabu, walitazama sahani zao. Hélène hakulia. Alisubiri waondoke, kisha akatuapia sote: mwaka ujao, kwenye harusi ya kanisani, ataingia na nywele zake mwenyewe, zimefika kwenye mifupa ya mabega.

"Mama Carine," nikamwambia, "nywele ya produit hairefukake. Miye niko coiffeuse miaka kumi na nane."

Produit ni dawa yetu ya kunyoosha nywele. Kwamba mimi pia nauza wigi, hilo sikulitaja.

Hélène alichukua tisheti nyeupe ya uchaguzi, yenye uso wa mgombea fulani anayeahidi maji na umeme, akaigeuza upande wa mgongo. Kwa rula na kalamu ya wino usiofutika alichora mistari kutoka kwenye kola kushuka, kila baada ya sentimita mbili, akaitia namba. Siku hiyo nywele zake zikivutwa ziligusa mstari wa tatu. Alitaka zifike wa tano.

Kila baada ya miezi mitatu alikuja saluni kwangu, mtaa wa Kikula. Kabla sijapaka dawa, aliweka rula ndogo kwenye kisogo na kupima nywele mpya za kipilipili, zilizoota chini ya zile zilizonyooka. Sisi tunaziita repousse. Aliandika kwenye daftari, na mimi nikaendelea: napaka, naosha, nakausha kama umeme upo, nasawazisha ncha, kidogo tu kama ninavyowaambia wateja, maana msusi anayejiheshimu hamruhusu mteja atoke na ncha kama ufagio. Mwishoni alivaa tisheti, Carine akampiga picha ya mgongo.

Mwezi wa sita, mstari wa tatu bado. Mwezi wa tisa, wa nne! Juma la harusi, mwezi wa kumi na mbili, nywele zikatua juu ya wa tano, Hélène akapiga vigelegele mwenyewe. Hata mama yetu, Mama Colette, ambaye hajamsifu mkwe wake tangu aolewe, alisema Mungu yupo.

Mimi roho iliniuma. Niseme kweli, ulikuwa wivu. Na katika kumtazama kwa jicho baya, nikaona kitovu chake. Tisheti iliyokuwa ikifika mapajani sasa iliishia kiunoni, na mgombea alikuwa amekunja uso. Ilikuwa imefuliwa mwaka mzima. Nikapachika rula mgongoni: kati ya mstari na mstari, sentimita moja na nusu.

"Mama Carine, haiko nywele njo ilirefuka. Ni tisheti njo ilifupika!"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Hélène alipiga hesabu. Zamani mistari mitatu ya sentimita mbili, sita; leo mitano ya moja na nusu, saba na nusu. Mwaka mzima, sentimita moja na nusu. Akakaa chini, machozi yakamlenga. Mimi, kwa wema wangu, nikashusha kutoka rafuni wigi langu zuri kuliko yote.

Alilisukuma pembeni, akafungua daftari.

"Tantine Laure," akaanza, akiniita shangazi kama anavyoniita Carine. "Mwezi wa tatu, repousse tatu. Wa sita, tatu. Wa tisa, tatu. Leo, tatu. Kichwa yangu iliotesha kumi na mbili. Ninabakia na moja na nusu. Ingine ilienda wapi?"

Mama Colette, aliyekaa karibu na ufagio, aliinama, akaokota kishungi kimoja cha nywele nilizotoka kukata, akakilaza kwenye rula.

"Laure, mutoto wangu," akasema, "hii ya leo tu iko mbili na nusu. Njo kidogo yako hii?"

Nyani haoni kundule. Miaka kumi na nane nimewaambia wanawake wa mji huu kwamba nywele zao hazirefuki, mkasi ukiwa mkononi mwangu. Niliona aibu, nikarudisha wigi rafuni.

Jumamosi Hélène aliingia kanisani na nywele zake, fupi kuliko alivyoapa, zimechanwa vizuri. Jioni alicheza mbele ya wakwe walewale, akatikisa kichwa makusudi. Hakuna kilichogeuka.

Bado anakuja saluni. Tisheti imekuwa kitambaa cha kupangusia meza. Lakini kabla sijamgusa ananyoosha mkono: "Tantine, leta kwanza mukasi." Nampa. Anautia ndani ya mkoba wake, anafunga zipu, ndipo anainamisha kichwa.