Ncha Sita

Mama mwenye mashine ya kusaga angemtambua fundi wa kusuka mota hata akifumba macho, kwa zile pumzi anazoshusha kabla ya kushika kitu chochote, kama mtu anayetua gunia. Vidole vya fundi vimeng'aa kwa vanishi. Hesabu yake ni ileile miaka nenda miaka rudi, lakini kila mota ikija huiandika upya kwa chaki nyuma ya mlango: mia na ishirini mara hamsini, mawimbi ya umeme kwa sekunde, gawanya kwa ncha za sumaku. Ncha nne, mizunguko elfu moja na mia tano kwa dakika, na mota yenyewe hubaki nyuma kidogo.

Leo, baada ya siku tatu za kusukwa, mota ya mama iliwashwa ikanguruma kwa upole, mama akatabasamu. Fundi akaiwekea kipima mwendo. Mia tisa na sitini. Akautazama mlango, akagawanya kwa sita badala ya nne, ikaja elfu moja. "Nimekusukia ncha sita, mama. Yako ilikuwa nne." "Lakini si inazunguka, fundi?" "Inazunguka. Ila kwa mwendo huu mdogo mashine itaipapasa nafaka tu, haitaisaga." "Mwingine angenyamaza." "Angenyamaza," fundi akakubali, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria hilo. Akazima umeme, akashusha pumzi, akaanza kuikata shaba aliyoisuka mwenyewe, koili baada ya koili, bila kulaani. Kisha, bila kuinua kichwa, akamsogezea mama kigoda. "Kesho njoo unihesabie koili nikisuka upya, mama. Macho yangu yamechoka."